Madoa Aliyoyatunza Enos

Katika madereva wote wa matajiri wa Kisumu mwaka ule wa sabini na moja, hakuna aliyechukia uchafu kama Enos Walubengo. Peugeot 404 ya Mama Kokila, rangi ya maziwa, iling'aa hata siku za vumbi, na wenzake walimtania kwamba inzi akitua juu yake huteleza. Kila Jumamosi aliipeleka ziwani kama wenzake wote, akaingiza magurudumu majini, akaiosha huku akipiga porojo. Maji ya ziwa hayaachi alama kwenye kioo. Kwa hiyo mtu aliyemjua Enos asingeamini kwamba sasa alikuwa akitunza madoa kama mtu anavyotunza kuku wa mayai.

Madoa yalianza na kisima. Mama Kokila, mjane mwenye kiwanda cha sabuni, alichoshwa na bomba la mji lililokauka kila mchana, akachimbisha kisima kirefu nyuma ya nyumba yake kule Milimani. Maji yalitoka mengi, ila yalikuwa na chumvi na chokaa. Haukupita mwezi birika likaota ukoko mweupe ndani. Mama akanunua na kile chombo cha kumwagilia kinachozunguka chenyewe, kikirusha maji juu ya nyasi asubuhi. Matone yakalifikia gari, jua likayakausha, kila tone likaacha duara jeupe. Ukiosha kwa sabuni, kioo kikiwa bado kimelowa unadhani umeshinda. Kikikauka tu, yamerudi yote.

Mwanzoni Enos alikasirika. Halafu jioni moja, akielekea upande wa ziwa, jua lilimpiga usoni na kioo cha mbele kikageuka ukungu. Barabara ikapotea. Alishuka akafuta, akapanda, akaona ukungu uleule. Ni haya madoa, alijiambia. Usiku wa siku hiyo taa ya nyumbani ilikuwa na duara kubwa la mwanga pembeni yake, naye akayalaumu mafuta ya taa kwamba ni mabaya. Wiki iliyofuata alimimina chai nje ya kikombe. Mkewe Nasipwondi alifuta meza, na Enos akakilaumu kikombe kwa udogo wake.

Alikuwa na sababu ya kuogopa, na aliogopa sana. Baba yake, Mzee Walubengo wa Kimilili, alianza kuona ukungu akiwa na miaka hamsini. Watu walisema ni mtoto wa jicho, wengine walisema ni laana, na wote walikuwa wamechelewa. Mzee alimaliza siku zake akiongozwa kwa fimbo, yeye ameshika ncha moja na mtoto ameshika ncha nyingine mbele yake. Mtoto huyo alikuwa Enos. Alijua uzito wa fimbo ile, na alijua watu wanavyonyamaza kipofu akipita. Sasa yeye mwenyewe alikuwa na miaka hamsini na moja, na kazi pekee aliyoijua duniani ilikuwa ya macho.

Ndiyo maana aliyapenda madoa. Mradi yako kiooni, hayako kwingine. Akaanza kuliegesha gari pale pale maji yanapofika, asubuhi kwa asubuhi, na jioni akisumbuka barabarani anasema moyoni, kisima hiki cha Mama kitaniua.

Ochieng, mtunza bustani, hakuwa mtu wa kupitwa na jambo. "Mzee Enos," alisema siku moja, "kivuli iko huku, maji iko huko. Wewe kila siku unaweka gari kwa maji. Ni nini?"

"Kivuli kina ndege," Enos alijibu. "Wanachafua."

"Ya ndege inatoka na kitambaa. Hii ya kisima haitoki."

Enos aligeuka akaenda kuangalia matairi, ambayo hayakuwa na shida yoyote.

Siku ya Jumanne nusura yamkute. Alikuwa amemchukua Urmila, mjukuu wa Mama Kokila mwenye miaka kumi, kutoka kwa mwalimu wake wa hesabu ng'ambo ya Mamboleo. Waliposhuka kuelekea mjini jua lilikuwa mbele yao, na kila doa lilikuwa limewaka kama mshumaa. Enos alipunguza mwendo, akainamisha kichwa, akatafuta ukingo wa barabara kwa kubahatisha. Akasikia mtoto akipiga kelele nyuma. Akakanyaga breki kabla hajajua anamkwepa nani. Gari liliposimama, mwanamke alikuwa ameishika bampa ya mbele kwa mkono mmoja, na karai la omena, dagaa wa ziwani, lilikuwa limemwagika lote chini.

"Dereva, hukuniona?" Ilikuwa sauti ya Amolo, mchuuzi anayeleta omena kutoka Usenge. "Mimi mzima hivi, na karai yote hii?"

"Kioo, mama. Kina madoa," Enos alisema, bado ameung'ang'ania usukani, hakushuka kumsaidia kuokota.

Urmila hakuwa na jeraha, lakini alikuwa na mdomo. Asubuhi ya Jumatano Mama Kokila alitoka barazani akalizunguka gari polepole.

"Enos, mtoto nasema wewe karibu gonga mama wa samaki."

"Ni madoa, Mama. Jua likipiga, sioni."

"Basi toa madoa. Jumamosi sisi naenda harusi Nandi Hills. Mimi, Urmila, mama yake Urmila. Wote ndani ya gari hii."

Enos alisema ndiyo Mama. Aliijua barabara ile ya mlimani, inavyojikunja, upande mmoja mwamba na upande wa pili hewa tupu. Kwenda si kitu, wangeondoka asubuhi na jua mbele yao lingekuwa limeshapanda juu. Kurudi kungekuwa jioni, na mteremko wote unalitazama ziwa na jua linalozama. Usiku ule hakulala vizuri, na uliofuata hakulala kabisa.

Kutwa nzima ya Alhamisi aliosha kioo kwa sabuni, na madoa yalipogoma alifurahi, kisha akaona haya kwa furaha hiyo. Ijumaa asubuhi Mama Kokila akatoka mwenyewe, amejifunga ncha ya sari kiunoni, mkononi chupa ya siki na magazeti ya zamani.

"Sabuni hapana," alisema. "Mimi natengeneza sabuni, mimi najua. Hii ni mawe ya maji. Mawe nataka kitu chachu, kama birika. Weka gari kivulini kwanza."

Alimwonyesha. Tambara linaloweshwa siki, linalazwa juu ya kioo na kuachwa hapo, bila haraka, bila mchanga wala majivu, maana hayo yanakwaruza na mkwaruzo hautoki hata kiama. Kisha unasugua kwa gazeti lililokunjwa, unasuuza kwa maji ya mvua kutoka kwenye pipa, unakausha. Enos alifanya hivyo kipande kwa kipande. Alianza upande wa abiria akaacha wa dereva mwisho, kama mtoto anayeogopa dawa. Madoa yalilegea, yakawa kama unga, yakaondoka. Lilipobaki moja tu, mbele kabisa ya pale anapokaa, aliliangalia kwa muda mrefu. Kisha akalifuta.

Ochieng alikuja akapitisha kidole, na kioo kikalia kama kinachekeshwa. "Sasa hii ni kama hakuna kioo," alisema.

Kivulini, saa tano asubuhi, Enos aliona vizuri. Alimwona Ochieng, aliona maua, aliona hata paka juu ya ukuta. Akaomba, yeye ambaye huenda kanisani kwa sababu ya mkewe, akasema, Mungu, yawe yalikuwa ya kisima. Na mchana wote alijua kwamba jibu lingekuja saa kumi na moja.

Likaja. Alimchukua Urmila kwa mwalimu, akapita Mamboleo, barabara ikaanza kushuka, na jua likatokea mbele. Ukungu ukawaka kiooni kote. Ulikuwa uleule, mahali palepale, na katikati yake madoa yalikuwa yakielea. Enos alinyoosha mkono akagusa kioo. Kilikuwa laini kama jino.

"Enos, leo kioo ni safi kabisa," Urmila alisema nyuma, amefurahi. "Naona ziwa. Naona na meli inatoka. Unaiona?"

Enos alitazama pale ziwa lilipopaswa kuwa. "Naiona," alisema.

Angeweza kunyamaza. Kesho asubuhi angeweza kusema gari limerushiwa maji tena, wakaenda hivyohivyo, na pengine wakarudi salama, maana watu wengi hurudi salama. Akauona akilini mteremko wa Nandi, na mtoto huyu nyuma akimwonyesha vitu asivyoviona. Akaliingiza gari pembeni taratibu, akisikiliza kokoto chini ya tairi kujua ameshatoka barabarani. Akazima.

"Limeharibika?" Urmila aliuliza.

"Gari ni zima." Alichomoa ufunguo akauweka kwenye kiganja cha mtoto. "Utampa bibi yako huu. Mimi siendeshi tena. Twende tukampigie simu pale dukani kwa Walter, atume mtu."

Duka la Walter lilikuwa ng'ambo ya barabara. Enos alishuka, akafunga mlango, akakipangusa kioo kwa mkono wa shati kwa mazoea tu. Kisha akakanyaga lami.

Mkono mdogo ulimshika shati kwa nguvu. "Ngoja. Lori."

Akasimama. Upepo wake ulimpiga usoni, ukafuata mngurumo, ukafuata vumbi. Hakuwa ameona kitu. Urmila aliliachia shati, akamshika vidole viwili, akatazama huku na huku kama alivyofundishwa.

"Sasa," alisema, akatangulia mbele, na Enos akamfuata.