Kidonge cha Saa Tisa

Kwa siku kumi na moja mfululizo Vasiti Naulu, nesi wa alasiri, alimpa Mzee Merv Tuckett kidonge cha saa tisa, na kwa siku zote hizo hakuweza kumtazama usoni akikimeza.

Merv aliendesha treni za miwa mjini Bundaberg kwa miaka thelathini na sita. Alipoletwa Wattlebrook, nyumba ya kutunzia wazee, alikuja na mdomo wake. "Nyinyi Wafiji raga hamchezi," alimwambia Vasiti siku ya kwanza, "mnakimbizana tu kama kuku walioona mwewe!" Vasiti alicheka hadi akashika ukuta.

Kisha usahaulifu ukaanza kumpokonya maneno. Kelele zikafuata. Ikifika alasiri anapiga meza, anasukuma sahani, anamfinya kila amsogeleaye. Meneja, Craig Pelham, alimpigia daktari simu, naye daktari akaagiza dawa ya kumtuliza bila kuja kumwona. Kelele zilikoma, na Merv mwenyewe akawa kama amekoma. Alishinda kitini, kidevu kifuani, mate yakimchuruzika.

"Angalau kumetulia," alisema Bronwyn, mhudumu wa siku nyingi pale.

"Hata makaburini kumetulia, shoga."

Wote wawili walijua chanzo. Alasiri, wazee arobaini na wanane waliachiwa nesi mmoja na wahudumu watatu. Asubuhi, kumwamsha mtu, kumwosha na kumvika kulipewa dakika sita. Katika dakika sita humuulizi mtu kinachomuuma. Vasiti alikuwa akirudi nyumbani, anakaa ndani ya gari mlangoni kwake, na miguu inakataa kushuka.

Siku ya kumi na mbili alimfikia Merv na kidonge mkononi. Kabla hajasema neno, mzee alifumbua mdomo mwenyewe, kama kinda la ndege. Yule mzee mbishi! Utiifu ule ulimchoma Vasiti kuliko makelele yote.

Akakiweka kidonge mezani. Akavuta kiti, akaketi, akampapasa mashavu taratibu. Alipogusa la kushoto, Merv aliruka.

"Fungua tena, mzee wangu. Leo sikupi kitu."

Akayatoa meno ya bandia ya chini. Harufu ilimpiga puani. Chini yake ufizi ulikuwa umechimbika kidonda, usaha umejaa. Meno yale hayakuwa yametolewa kwa wiki kadhaa. Kumbe mtu alikuwa akipiga kelele za maumivu, nao wakamjibu kwa usingizi.

Craig alimkuta akiandika kwenye faili juu ya kidonda na kidonge alichokataa kukitoa.

"Dawa imeagizwa na daktari, Vasiti. Wewe ni nani wa kuikataa?"

"Mimi ndiye ninayemtia mdomoni."

"Familia iliridhia."

"Nani alimuuliza binti yake?"

Craig akatazama pembeni. "Ukimpigia simu, umevuka mipaka yako. Na kazi yako naiweka shakani."

Alikuwa na nyumba ya kupanga na mama mzazi kwao Suva anayemtegemea. "Basi navuka," alisema, akabonyeza namba.

Alimweleza Leanne, binti wa Merv, kila kitu, wala hakujificha nyuma ya mtu. "Kidonge nilimpa mimi. Siku kumi na moja. Nilihisi kuna jambo, nikanyamaza."

Leanne akamkumbusha: "Jumapili mliniambia ni ugonjwa unazidi."

"Tulikwambia. Tulikosea. Nisamehe."

"Nakuja," alisema Leanne, akakata simu.

Vasiti alipogeuka, Bronwyn alikuwa amesimama nyuma yake. "Nipe hiyo kalamu. Jina langu liwe chini ya lako kwenye hilo faili."

Leanne alifika kabla jua halijazama, na kesho yake daktari alikuja kwa miguu yake mwenyewe. Dawa ya kutuliza ikafutwa, ya kidonda ikaanza. Siku ya saba, katikati ya chakula cha mchana, Merv aliinua kichwa, akaonja supu ya boga, akaitema.

"Nani kapika takataka hii?"

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Vasiti alicheka huku machozi yakimtoka, hakujali nani anamwona.

Hawakuishia hapo. Wauguzi na wahudumu kumi na wanne walitia saini barua yenye majina ya wazee wengine wanane waliokuwa wakilazwa usingizi kwa vidonge vilevile, na Leanne akaisoma kwa sauti mbele ya familia zote na wakubwa wa kampuni inayoiendesha Wattlebrook. Craig aliisikiliza akiwa amesimama. Mwishowe alisema polepole, "Nilikuwa najaza mapengo ya zamu. Sikutazama nayajaza kwa kitu gani." Hakuna aliyempigia makofi, ila ni yeye aliyesaini maombi ya nesi wa pili wa alasiri.

Wazee sita kati ya wale wanane waliachishwa dawa mwezi ule ule. Mmoja wao, mwalimu mstaafu, alianza tena kuwasahihisha watu sarufi.

Nesi mpya alipofika, kijana kutoka Nepal aitwaye Sarmila, aliuliza kwa woga aanze na nini.

Vasiti alimpa glavu, akavaa zake. "Keti kwanza," alimwambia, akimsogezea kiti karibu na kitanda cha kwanza. "Hapa hatuna haraka. Msalimie, kisha tumtazame mdomo."