Mtori wa Saa Kumi na Mbili

"Hiyo fomu usiiguse," Lydia alikuwa anamwambia Mama Aikande pale bombani. Ndoo zao zote mbili zilikuwa zimejaa, maji yanamwagika na hakuna anayejali. "Daktari ameshasema mtoto ana sukari. Unarudi kumuuliza nini, kama amebadilisha mawazo?"

"Hakusema ana sukari. Alisema imepanda, na kipimo kikirudiwa ndiyo atajua kama aanze sindano au asianze."

"Basi huyo anabahatisha. Na Thomasi kifua kikimbana mwezi ujao utampeleka na nini, na barua ya mchungaji?"

Nilikuwa nimechutama karibu yao nafua mitumba ya kwenda kuuza. Nikasema bila kuinua kichwa, "Mama Aikande, mtoto arudiwe kupimwa. Wiki hii hii."

"Haya," Lydia akasema, "daktari wa mitumba naye ametoa cheti."

Mama Aikande akacheka kidogo. Mimi sikucheka, na hapo ndipo aliponiangalia vizuri. Uani kwetu Kimandolu, watu wakicheka na mimi nikanyamaza, kuna jambo.

Hiyo fomu ilikuwa hivi. Mume wake, Abdiel, alikuwa fundi wa mabomba ya kumwagilia kwenye shamba moja la maua, njia ya kwenda Usa. Ilikuwa mwaka tisini na tisa, mashamba ya maua yanachipuka kila upande, na lile la kwao liliwapa wafanyakazi bima. Bima yenyewe ilikuwa fomu nne za matibabu kwa mwaka, familia nzima. Fomu ikishagongwa muhuri hospitali, imekwenda. Zikiisha, unalipa mwenyewe au unangoja Januari. Thomasi, mtoto wao wa miaka minne mwenye pumu, alishamaliza mbili. Ya tatu ilikwenda na dada yake, Aikande, wa kidato cha tatu, aliyeanguka paredi shuleni, halafu akawa anaamka usiku kunywa maji kama aliyetoka shamba. Imebaki moja, na ndiyo kwanza Septemba, vumbi la Arusha linaanza kazi yake.

Abdiel alikuwa Mmeru wa Nkoaranga, mtu wa maneno machache. Jioni moja alituambia pale nje, "Kama anaumwa kweli, kila siku tunayongoja inamla. Kama haumwi, tunamchoma mtoto mzima sindano za maisha. Na nikiitumia hii kwa dada, mdogo anabaki mikono mitupu." Alisema mara moja tu, akaenda kukaa peke yake.

Wao walikuwa wanapima wasichokijua. Mimi nilikuwa nakijua.

Asubuhi ya kipimo cha kwanza wifi yangu alikuwa kwangu, ana siku ya tano tangu ajifungue. Sisi watu wa Kibosho mzazi lazima apewe mtori, kwa hiyo saa kumi na mbili asubuhi sufuria ilikuwa jikoni, ndizi zimeshapondwa na nyama, harufu imejaa uani. Aikande akapita mlangoni amevaa sweta la shule, anamsubiri mama yake amalize kumvisha Thomasi.

"Shikamoo, Mama Violet."

"Marahaba. Ingia, unatetemeka kama kifaranga."

"Nimeambiwa nisile, mama. Wanapima damu."

Nikamcheka. Nikamwambia wanakataza chakula, yaani ugali, wali, vitu vya kushiba. Mtori anapewa mzazi, anapewa mgonjwa, mtori ni dawa. Akaniangalia anataka kuniamini, na njaa ikamsaidia. Alimaliza bakuli. Nikamwongeza maziwa juu.

Sikumdanganya. Nilivyolelewa, ndivyo ninavyojua. Lakini juma lile, nikiwa sokoni, mteja wangu mmoja ambaye ni nesi alinieleza habari za kipimo cha asubuhi: kwamba hata chai yenye sukari inakiharibu, kwamba namba ileile ni ya mgonjwa kama hujala, na ni ya mzima kama umekula. Nilikaa chini juu ya robota la nguo. Kuanzia siku hiyo nikawa nasema "arudiwe, arudiwe," nikidhani nitaokoa mtoto na jina langu kwa pamoja.

Sasa, pale bombani, Mama Aikande alikuwa ananiangalia, na povu linanikaukia mikononi. Alipobeba ndoo yake nikamfuata mpaka chumbani kwake. Abdiel alikuwa anakunywa chai kabla ya zamu ya mchana. Aikande alikuwa anapiga pasi.

"Mama Aikande, siku ile mtoto alikula."

"Alikula wapi?"

"Kwangu. Mtori. Bakuli zima, na maziwa."

Aikande aliweka pasi wima. Mama yake akamgeukia. "Si nesi alikuuliza, na mimi nimekaa pale? Si ulimwambia hujala?"

"Mama Violet alisema si chakula," Aikande akajibu. Akaongeza, "Halafu nilipoona baba ameomba ruhusa kazini, na fomu imeshagongwa, niliogopa."

Mama Aikande ana sauti ndogo. Angenipigia kelele ningejua pa kushika. Alisema polepole, "Nyumba yako haina mlango, Mama Violet. Anayepita anakula, anayepita anasikia habari za watu. Nilikuwa nafurahi, nikasema nimepata dada mjini. Sikukuomba unilishie mtoto."

"Ni kweli."

"Na siku zote hizi unaniona silali."

Abdiel aliweka kikombe chini. "Basi kile kipimo si kipimo," akasema. "Ni kama hatujaenda." Akafungua kabati, akaitoa ile fomu ya nne, akaikunja mara mbili akaitia mfukoni.

"Na Thomasi?" mkewe akauliza.

"Thomasi leo anapumua."

Siku nne Mama Aikande alinipita kama mti. Habari zilikuwa zimefika mpaka Engutoto, na kwa mara ya kwanza hazikutoka mdomoni mwangu. Lydia, ambaye nilidhani atazila kama karanga, alinikuta naanika nguo akaniambia, "Na mimi ningempa, shoga. Tofauti ni kwamba mimi sipiki vizuri." Akaenda zake.

Usiku wa kuamkia kipimo cha pili nilishika rozari. Wenzangu wanaombaga kutakaswa makosa. Mimi niliomba kosa liwe langu. Niliomba kesho daktari aseme, mtoto huyu ni mzima, nani mjinga alimlisha? Niitwe mjinga uani mpaka nihame. Nilikuwa tayari kuhama.

Asubuhi sikuwasha jiko. Wifi yangu alikula mkate wa jana, na nilipomweleza sababu hakunung'unika. Tukasikia viatu vya Aikande vinapita, na vya baba yake nyuma.

Walirudi kwenye saa saba mchana. Nilikuwa mlangoni, nisingeweza kukaa pengine. Abdiel aliingia ndani moja kwa moja. Aikande alikuwa ameshika karatasi, na mama yake, aliyekuwa amebaki na Thomasi, akaja akaichukua, akaisoma, akairudia. Kisha akavuka uani kuja kwangu, mwenyewe, karatasi mkononi.

"Ile ya kwanza ilikuwa saba nukta tisa," akasema. "Leo ni tisa nukta mbili. Na hajatia kitu mdomoni tangu jana jioni."

Nilitaka kumuuliza kama wamehakikisha. Nikaona uso wake, nikaacha.

"Daktari anasema mtori haukuleta wala haukuondoa. Kesho anaanza sindano."

"Bora mkosaji ningekuwa mimi," nikasema.

"Najua." Akakunja karatasi. "Na mimi nilikuwa naomba uwe wewe. Nilikuchukia siku nne, na kila siku naomba uwe wewe."

Tukasimama. Nyuma yake Thomasi alikuwa anakohoa kidogo, kile kikohozi chake cha vumbi, na sote wawili tukakisikiliza mpaka kikaisha. Hakuna aliyesema habari ya fomu.

Aikande alikuwa amekaa kizingitini kwao, mikono katikati ya magoti. Alionekana mdogo kuliko sweta lake. Nilikwenda nikachutama mbele yake.

"Pole, mwanangu."

"Asante, mama." Halafu, taratibu, "Wanasema sasa lazima nile kwa saa. Nisipitishe."

Mama yake alikuwa ameshaingia. Nilisikia mfuniko wa sufuria, sahani zinapangwa: moja, mbili, tatu, nne, na ya Thomasi ile ya plastiki. Nikainuka niondoke niwaachie nyumba yao.

"Mama Violet," akaita kutoka ndani, kwa ile sauti yake ndogo. "Unakwenda wapi? Mtoto ana njaa, na nimeshakupakulia. Ingia tule."