Zamu ya Angela

Angela alimgeuza mama yake, Bi Leonsia, ubavu, akampangusa mgongo kwa kitambaa cha maji ya moto, akamvisha gauni la Pasaka. Leo jumuiya ilikuwa inasali kwake, na padri angekuja na Komunyo. Bi Leonsia alikuwa hajaipokea tangu kiharusi kimlaze, kabla ya mvua za vuli. Kwa ajili hiyo Angela alikuwa ameomba kuondoka mapema Mwaloni, soko la samaki anakochambua dagaa. Tajiri wake alimruhusu, ila alimwambia siku yote haihesabiwi kwenye malipo. Akaondoka. Akateka maji bondeni, akayapandisha kichwani kati ya majabali, akapiga deki, akaazima mabenchi.

Mama Gladness, katibu wa jumuiya, alifika akihema, viatu mkononi.

"Jamani mlima wenu huu! Mnaishi na pimbi?"

"Karibu, keti upumue. Padri yuko nyuma?"

"Ndilo lililonipandisha. Tumehamisha. Tunasali kwa Mzee Rugambwa."

"Zamu ni yangu."

"Najua, mwenzangu. Mwenyekiti kasema padri hawezi kuparamia mawe na kanzu. Kwake gari linafika mlangoni, sofa zipo. Mteremshe bibi."

"Nimteremshe na nini? Nimbingirishe?"

Mama Gladness akacheka, kisha akaona hapakuwa na la kuchekesha, akainama kuvaa viatu.

Angela alishuka hivyo hivyo, kanga imelowa. Sebule ya Mzee Rugambwa, mwenyekiti mwenyewe, ilishajaa. Injili ilikwishasomwa, sasa watu walikuwa wanashirikishana tafakari. Mmoja alisema Mungu hukaa na wanyonge. Mwingine akasema tujishushe. Yalisemwa vizuri, watu wakiwa wameegemea mito. Angela alisimama kizingitini mpaka baraka, akamwahi padri.

"Tumsifu Yesu Kristo, Padri."

"Milele amina, mama."

"Mama yangu hawezi kutembea. Ni hapo juu tu. Anakusubiri wewe."

Padri, kijana mwenye macho ya uchovu, aliutazama mlima. Pengine angepanda. Mzee Rugambwa akamwekea mkono begani.

"Angela, si ungepitia kwangu kwanza? Mambo yana utaratibu."

"Shikamoo, mzee. Utaratibu ulisema kwangu."

"Marahaba. Usitutie aibu mbele ya mgeni. Padri hajala, na ana jumuiya nyingine Igoma."

"Wiki ijayo, mama," padri akasema haraka. "Nitajitahidi." Akaongozwa mezani, kwenye sato wa kukaanga.

Angela akapanda tena.

"Yuko wapi?" Bi Leonsia aliuliza, mdomo ukivutwa upande.

"Haji. Wamesalia huko chini." Angela akajibwaga sakafuni. "Watu kama sisi, Mama, hata Mungu hatufikii. Anashindwa na mawe."

Bi Leonsia akamgeuzia uso.

"Siku ile nilipoanguka," akasema polepole, "wewe ulikuwa Mwaloni. Nililala kwenye sakafu ya choo, nimejikojolea, sauti haitoki. Mpaka ulipokuja jioni. Unadhani nilikuwa peke yangu?"

Angela akajisogeza karibu na kitanda.

"Basi usinisemee Mungu. Komunyo ninaitaka, na Rugambwa amenikosesha. Hilo atalijibu yeye. Anza Baba Yetu."

Walikuwa katikati ya sala simu ilipoita. Mama Gladness.

"Angela, shuka basi, dada. Vyombo vimejaa karo, na mzee anasema wewe ndiye unayewezana na shombo."

"Siwezi."

"Sasa nimwambie una nini?"

Angela alimtazama mama yake. Alikuwa amefumba macho, mkono wake mzima kifuani, akingoja wamalizie.

"Mwambie jumuiya inasali," akasema. "Inasali kwangu."

Akaizima simu, akapiga magoti.