Mkaratusi wa Juu ya Ndiva

Kila asubuhi Elirehema huenda kuzibua ndiva, lile bwawa la wazee ambalo zamani lilijaa usiku, na mchana likamwagilia mashamba ya Suji kwa zamu. Mwaka wa nne huu halina maji, lakini mlinzi wake ni yeye, na kazi ni kazi. Anachomoa kizibo, anatazama tope lililokauka, anakirudisha.

Mikaratusi iliyoyanywa maji hayo aliipanda mwenyewe, pale pale kwenye chemchemi iliyolijaza bwawa, mahali ambapo babu zake hawakuruhusu hata kuokota kuni. Muuza miche alimwambia ni miti ya pwani, ya ng'ambo huko, inakua upesi. Ilikua upesi kweli. Ule mkubwa ukiuchanja unatoa maji ya chumvi, na chini yake huokotwa makombe ya baharini. Akina mama huyatwanga wakawapa kuku, ili maganda ya mayai yawe magumu.

Chemchemi ilipokauka, mkewe Victoria alianza kuteka maji korongoni. Masika ya mwaka juzi aliteleza na ndoo kichwani. Walimzika Jumatano. Ijumaa akaanza kuzungumza ndani ya mkaratusi mkubwa.

Kamati ya ndiva ilimtuma kijana Fanueli na msumeno akaukate.

"Shikamoo, mama Agape," Fanueli aliuambia mti.

"Marahaba. Mguu wa mama yako umepona?"

"Bado bado."

Alikaa kidogo kwa heshima, kisha akarudi na msumeno wake. Kumkata mama wa watu hakuweza.

Anayetaka ukatwe ni Victoria mwenyewe. "Baba Agape, kata," humwambia mumewe kila siku. "Maji yarudi. Humu ni chumvi tupu, kiu inaniua."

"Nitaukata kesho."

"Hata jana ulisema hivyo."

Elirehema hajui kubishana naye. Hakujua hata alipokuwa hai. Anaegemea gome na kulia. Akiukata atamzika mara ya pili, na ya kwanza bado haijamtoka moyoni.

Agape, binti yao wa miaka kumi na miwili, anapanda kutoka korongoni na ndoo ya mama yake. Goti limechubuka. Baba anampokea, anayamwaga maji yote kwenye shina. Mti unayanywa yote.

"Teremka tena, mwanangu," anasema. "Uangalie utelezi."