Kura ya Baba kwa Chama Kilichokufa

Siku ya uchaguzi huku El Alto gari haliruhusiwi barabarani. Jiji zima hutembea kwa miguu. Watoto walikuwa wanacheza mpira katikati ya barabara kuu, mbwa wamelala hapohapo, na mimi nasukuma mkokoteni wa sokoni, baba yangu ndani yake amefunikwa blanketi mbili. Kimya kile kilinifanya nione kama tunaelea.

"Baba, kwa umri wako hulazimishwi kupiga kura. Turudi tukanywe uji wa mahindi."

"Nani kakuuliza? Sukuma."

Jamani, mzee yule! Don Fructuoso, mchimba madini ya bati tangu ujana. Sasa macho yake hayasomi tena, na akili yake inakwenda na kurudi. Daktari alishaniambia kwamba uchaguzi ujao hata hataujua. Hii ilikuwa kura yake ya mwisho. Uji nilimtania tu; niliapa ataipiga.

Chuo kikuu nafundisha mambo hayahaya: nani humpigia nani, na kwa nini. Wanafunzi nimewaambia miaka yote kwamba kura iliyoharibika ni ya mtu mwenye hasira au asiyeelewa.

Kituoni, mwenyekiti wa meza ya kupigia kura, aliyechaguliwa kwa bahati nasibu kama kawaida yetu, alikuwa Griselda, mwanafunzi wangu wa zamani.

"Profe Zenobia! Umekuja kupiga kura au kutupeleleza?"

"Leo mimi ni macho ya baba. Tupishe."

Nyuma ya pazia baba alininong'oneza, "Tia alama kwenye chama chetu cha mgodini. Kile chenye taa."

Moyo ulinipasuka. Chama kile kilikufa nikiwa bado shule.

"Umekiona?"

Kalamu ninayo mimi. Mgombea wangu alikuwa palepale, wa tatu kutoka juu, na kura alikuwa anaihitaji kweli. Nani angejua? Nikaona haya hata kwa kuwaza. Pembeni ya karatasi, palipokuwa wazi, nikachora taa ndogo, nikaitia alama.

"Nimekiona, baba."

Akaigusa karatasi kwa kidole, akacheka peke yake.

Jioni kura zilihesabiwa uani, mbele ya watu. Griselda aliinua karatasi mojamoja akisoma kwa sauti, mpaka akafika kwenye taa.

"Imeharibika!"

Watu wakaangua kicheko. "Mjinga gani huyo?" "Hangova ya jana hiyo!"

"Haijaharibika!" Kumbe ni mimi niliyepiga kelele. "Iandike batili, ndiyo sheria. Lakini mwenyewe alijua anachotaka kuliko sisi sote, mnasikia?"

Kicheko kikakatika. Baba akanivuta sketi kutoka mkokotenini.

"Dada," akaniuliza, kama mtu asiyenijua, "chama cha taa kimepata ngapi?"

"Moja," nikasema, nikalia bila kujificha.

"Moja!" Uso wake ukang'aa. "Basi mwenzangu yupo hapahapa." Akaanza kumtafuta kati ya watu.