Joto la Jumatatu hadi Ijumaa

Jumanne, tarehe kumi na nne, mwezi wa tatu. Asubuhi mawingu mepesi, upepo hafifu kutoka mashariki, mvua hakuna. Saa tatu kamili kipimajoto kilisoma digrii ishirini na sita na pointi nne. Naiandika namba hiyo kama nilivyoiandika siku ile, ingawa ilikuwa ya uongo, na mwongo mwenyewe nilikuwa mimi bila kujijua.

Kituo chetu cha hali ya hewa ni kidogo: ofisi ya vyumba viwili, choo, geti, na kiwanja cha majani kilichozungushiwa waya. Katikati ya kiwanja kuna kibanda cheupe cha mbao, kimesimama kwa miguu minne kama meza, na kuta zake zina mianya ya kupitisha hewa. Vipimajoto vimo humo. Kila siku saa tatu asubuhi mtu anafungua kimlango, anasoma, anaandika daftarini. Kazi hiyo imefanyika kwa miaka hamsini bila kuruka hata siku moja.

Mimi niliingia pale kufanya usafi. Nilianza madarasa ya jioni nikiwa na miaka arobaini na saba, nikikaa dawati moja na binti mdogo kuliko kitinda mimba wangu. Nilipofaulu hesabu, Mkuu wa kituo akanikabidhi daftari la vipimo, kwa kuwa msomaji wa zamani alikuwa amestaafu na hakuna mwingine aliyelitaka. Jumatatu hadi Ijumaa nasoma mimi. Jumamosi na Jumapili anasoma mlinzi wa geti, mtu anayefanya kila kitu mbio mbio ili arudi kwenye kiti chake.

Siku ya kwanza nilifika kibandani kabla ya saa tatu. Nikaona nimwombe Mungu aniongoze nisikosee hata pointi moja. Mlinzi alikuwa ananitazama huku anacheka, basi nikaingiza kichwa kibandani, nikafumba macho, nikaomba taratibu. Mle ndani palikuwa na utulivu mzuri sana. Tangu hapo ikawa mazoea. Na kwa kuwa mahali nimeshapata, nikaongeza watu: mume wangu na mgongo wake, watoto, majirani, wenzangu wa kazini. Wote niliwaandika kwenye daftari dogo la maombi, siku kwa siku, nisije nikamsahau mtu.

Miaka mitatu ikapita. Ndipo akaja Mtafiti.

Alikuwa binti mwembamba mwenye miwani, anachunguza jinsi joto lilivyobadilika kwa miaka hamsini na kwa nini. Vituo vingine vyote alivyopitia vilikuwa na mapengo ya miezi au miaka. Chetu hakikuwa na pengo. Alijifungia na madaftari yetu siku kadhaa, chakula chake biskuti, na Jumanne ile akatuita mezani.

"Kuna kitu sikielewi," akasema. "Kwa miaka hii mitatu, joto la saa tatu linapanda kila Jumatatu na kushuka kila Jumamosi. Karibu nusu digrii."

"Magari," akasema Mkuu. "Wikendi barabara nyeupe."

"Magari yalikuwepo hata miaka kumi iliyopita, mkuu."

Nikanyoosha mkono kama niko darasani. "Mwanangu, sisemi kwa ubaya, lakini wikendi anasoma mlinzi. Na mlinzi ana haraka."

Mlinzi alikuwa mlangoni, hakuna asichokisikia. "Mimi? Mimi nina macho ya tai! Muulize yeye anachofanya kule ndani nusu saa nzima!"

"Kesho nitasimama nyuma ya msomaji," akasema Mtafiti, "niangalie."

Kesho yake nilivaa gauni langu la kwendea harusini. Mgeni mwenye elimu ananitazama, sikutaka kuonekana mvivu wa kumkumbuka Mungu, kwa hiyo niliingiza kichwa kibandani nikaomba kwa kirefu. Nilikuwa nimefika kwa shangazi wa mume wangu niliposikia nyuma yangu:

"Mama."

Sikuitika. Nilikuwa katikati ya mazungumzo na Mwenye enzi, siwezi kumwambia asubiri.

"Mama, sema amina."

Nikaharakisha shangazi.

"Mama, nakuomba, sema amina!"

"Amina," nikasema, nikafumbua macho. Mtafiti alikuwa amechungulia juu ya bega langu, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyemwona mwizi, na mwizi ni mama yake.

"Ulipofungua kimlango ilikuwa ishirini na tano na pointi saba," akasema polepole. "Sasa ni ishirini na sita na pointi sita. Mama, pumzi ya mtu ina joto. Umekuwa ukikipulizia."

Mlinzi alicheka mpaka akashika waya wa uzio asianguke. "Macho ya tai!" akapiga kelele. "Macho ya tai!"

Mkuu hakucheka. "Miaka mitatu yote inafutwa," akasema. "Nawaandikia makao makuu walete mtambo unaojisomea wenyewe. Mama, wewe utarudi kwenye deki."

Mtafiti akakaa chini kwenye majani. "Nikifuta miaka mitatu ya mwisho, mkuu, utafiti wangu hauna mwisho. Na hiki ndicho kituo pekee chenye kumbukumbu kamili."

Nilikwenda chooni nikalia. Nilifikiria mume wangu, alivyowatangazia mtaa mzima kwamba mkewe ni mtu wa sayansi. Nilifikiria sahihi yangu, ya kwanza maishani mwangu, ilivyokaa mwisho wa kila mstari wa daftari lile. Nikaomba, dirisha likiwa wazi. Jibu lililonijia lilikuwa la hesabu: kama maombi marefu yanapandisha sana na mafupi yanapandisha kidogo, basi anayejua urefu wa maombi anajua ukubwa wa kosa.

Nikarudi. "Mwanangu, ukijua kila siku niliomba kwa muda gani, unaweza kuitoa pumzi yangu?"

"Ningeweza. Lakini nani anajua?"

Nikafungua mkoba nikatoa daftari dogo la maombi. Nililishika kwa mikono miwili, maana yaliyoandikwa mle yalikuwa kati yangu na Mungu, na baadhi ya wahusika walikuwa wamesimama mbele yangu.

Mtafiti akaligeuza huku na huku. Mwandiko wangu hausomeki na mtu mwingine. Hata mwalimu wa jioni huniita nimsomee. Kwa hiyo ikabidi tufanye jaribio. Nichague siku kadhaa, niingize kichwa kibandani, nirudie maombi ya siku ile kama yalivyokuwa, yeye apime dakika na joto. Mkuu awepo ili atie sahihi. Mlinzi alikuja bila kualikwa.

Mgongo wa mume wangu ulipandisha pointi mbili. Mtihani wangu wa darasa la jioni, nao mbili. Kisha nikafika mahali nikalifunga daftari.

"Endelea," akasema Mkuu.

"Hapa pana mambo ya mtu, mkuu."

"Sayansi haina aibu. Soma!"

Nikasoma. "Ee Mungu, mpunguzie Mkuu wetu hasira, na umkumbushe kwamba mtu akitoka chooni huzima taa. Na mwanawe aliyelazwa, mponye, kwa maana baba yake hamwambii mtu, lakini nilimwona analia ndani ya gari."

Mlinzi akavua kofia. Mkuu aligeukia uzio, akakohoa.

"Hiyo yangu," akauliza, "imepandisha ngapi?"

"Pointi tatu, mkuu."

"Tatu nzima," akasema kwa sauti ndogo. Mwanawe alikwishapona, sasa anacheza mpira.

Yakafuata ya Jumatatu, siku moja kabla Mtafiti hajatuita mezani. "Mpe binti huyu mgeni mume, au walau mtu wa kumpikia, biskuti zitamwua."

"Pointi moja tu?" Mtafiti akang'aka.

"Nakufahamu wiki moja, mwanangu."

"Na mimi je?" akauliza mlinzi.

"Wewe nakuombea kila siku."

"Kila siku, na bado niko hivi?"

"Fikiria ungekuwaje."

Mpaka Ijumaa mchana hesabu ilikuwa tayari. Mtafiti alikuwa amekaa nami kutwa, mimi nasoma maombi, yeye anapunguza pointi. Mstari wa siku zangu ukashuka ukakaa sawa na ule wa wikendi.

Mkuu akapiga meza kwa furaha. "Kumbe joto lote hili ni la huyu mama! Tuwaambie watu dunia haina tatizo!"

"Ngoja, mkuu." Mtafiti akafungua daftari jingine. "Kile kipimajoto cha pili ni cha usiku. Kina kijiti kidogo ndani ambacho hubaki pale baridi ilipofikia mwisho. Pumzi ya asubuhi haiwezi kukisogeza. Na usiku hakuna anayeomba humu."

Akachora mstari. Ulianza kabla sijaolewa, ukapanda, ukapanda, zaidi ya digrii moja. Akatueleza kwamba moshi wa viwanda na magari, na misitu inayokatwa, vinajaza hewani gesi inayotufunika kama blanketi, na usiku joto la ardhi linashindwa kutoka.

Niliutazama mstari ule nikasikia uchungu ambao sikuutarajia. Nilitamani kosa lote liwe langu. Kosa langu lingeisha kwa kufumba mdomo.

"Mtambo siagizi," Mkuu akasema hatimaye. "Mama ataendelea kusoma. Lakini atoe ahadi, hapa hapa, wote tukisikia."

Tukatoka mpaka kiwanjani. Mtafiti alisimama kulia, mlinzi kushoto, Mkuu mbele yangu. Nikaweka mkono juu ya paa la kibanda, kisha nikakumbuka joto la kiganja, nikauondoa.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu watatu," nikasema kwa sauti, "naahidi kwamba kuanzia Jumatatu nitafungua kimlango nimebana pumzi, nitasoma, nitaandika, nitafunga. Ndipo nitaomba, hatua ishirini kutoka hapa, upande upepo unakoelekea. Na wewe, mkuu, hata ukianza kuzima taa, kwenye orodha sikutoi."