Jani Lililoungua Pasi

Dada mtu alikuwa fundi cherehani, na katika chumba chake cha kushonea mteja aliruhusiwa kugusa kila kitu isipokuwa kimoja: ua la anthuriamu, jekundu la kung'aa, aliloachiwa na marehemu mama yao. Alilikinga na jua, akayafuta majani yake kwa kitambaa chenye unyevu, na hakulimwagilia kabla ya kuchomeka kidole udongoni, kama mama alivyofanya. Siku moja pasi ilimponyoka ikaunguza ncha ya jani moja. Alilililia jani lile utadhani kaungua mtoto.

Binti yake alipojifungua, fundi alifunga safari kwenda kumuuguza. Ua akamwachia mdogo wake, karani wa ofisi moja, mwanamke wa maneno matamu na mikono mizito. Aliporudi, dirishani palikuwa patupu.

"Limeoza mizizi, dada," mdogo mtu alisema huku machozi yakimbubujika. "Nimelitupa. Nisamehe."

Fundi alimeza uchungu wake. Tena yeye ndiye aliyembembeleza mwenzake, akamfuta machozi kwa kipande cha kitambaa cha mteja, akamchemshia na chai. Moyoni aliona kama mama amezikwa upya.

Haukupita muda, mdogo mtu akapandishwa cheo. Fundi akafurahi, akamshonea gauni jipya.

Kisha bosi wa ofisi ile, aliyesikia sifa za fundi kwa wateja, akampigia simu aje kupima mapazia. Hakujua kwamba fundi na karani wake ni ndugu. Fundi aliingia na futi lake la kupimia shingoni, akageukia dirisha, akaduwaa. Ua lilikuwa pale, katikati ya jua kali, majani yameanza kuwa ya njano, maji yametuama kwenye kisahani. Jani moja lilikuwa na ncha iliyoungua. Hata mwizi ana haya kuliko mdogo wangu, aliwaza.

"Zuri, eh?" bosi alisema. "Karani wangu kanizawadia. Kalilea mwenyewe tangu mama yake afariki. Ila siku hizi linanyong'onyea, sijui lina nini."

Mlango ukafunguliwa. Mdogo mtu akaingia na mafaili, amevaa lile gauni.

"Dada..." alianza.

"Kumbe mnajuana?" bosi aliuliza.

Fundi aliinua chungu, akamwaga maji ya kisahani, akaliweka ua kwenye kivuli cha kabati.

"Lisipigwe na jua," alimwambia bosi. "Na usilimwagilie mpaka udongo ukauke."

"Kumbe nawe unayo kama haya?"

"Nilikuwa nalo moja, la mama yangu. Lilikufa. Huyu mdogo wangu ndiye aliyenizikia."

Bosi akamtazama karani, akalitazama ua. Fundi akavua futi shingoni, akamkabidhi mdogo wake ncha yake.

"Shika hapo," alisema. "Hii usiitupe."